Usiniulize Kamera Gani, Niulize Lenzi Gani

Nairobi ukionekana na kamera shingoni, swali la kwanza huwa lilelile: "Hiyo ni gani?" Bawabu wa jengo anauliza. Mjomba wa bibi harusi anauliza. Kijana mwenzako aliyebeba yake anauliza, na yeye anauliza akiwa tayari ameshalisoma jina pale juu. Ukijibu, unapimwa papo hapo kama gunia la mahindi: ni ya mwaka gani, ina megapikseli ngapi, ni fulu fremu ama ni ile ya kihisi kidogo. Lenzi iliyo mbele, ambayo ndiyo inayoangalia dunia, hakuna anayeiuliza.

Nimelichoka swali hilo. Si kwa sababu linaudhi tu, bali kwa sababu ni swali baya. Linawaingiza vijana kwenye madeni, linazaa picha mbovu kwa pesa nyingi, na linafanya kazi ya matangazo bila kulipwa na kampuni yoyote.

Mimi naishi kwa kuandika. Makala hapa, makala pale, na siku hizi mhariri anataka maneno na picha kutoka kwa mtu mmoja kwa bei ya mtu mmoja, kwa hivyo napiga picha pia. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu. Cheti sina. Labda ndiyo sababu swali la "kamera gani" linaniwasha kuliko linavyowawasha wengine: najua vizuri mtu anavyopimwa kwa karatasi kabla hajafungua mdomo. Jina lililoandikwa juu ya kamera ni cheti kingine tu. Msimamizi mmoja wa sherehe, simtaji, aliwahi kunidai orodha ya vifaa kabla ya kuona picha yangu hata moja. Akasoma kwamba bodi yangu ni ya 2014, kazi akampa mtu mwingine. Orodha ilikuwa na lenzi tatu chini ya ile bodi. Hakufika huko.

Hoja yangu ni fupi. Unapochagua mfumo wa kamera hizi mpya, zile zisizo na kioo cha kuakisi ndani, anza na lenzi. Jua kwanza ni lenzi gani kazi yako inahitaji. Kisha angalia ni maunti gani, yaani ule mdomo wa chuma ambapo lenzi hujifunga kwenye bodi, inayokupa lenzi hizo kwa bei unayoiweza. Mwisho kabisa, na nasema mwisho, tafuta bodi ya bei nafuu inayozikubali. Wengi wetu tunaenda kinyume: tunamaliza pesa zote kwa bodi, halafu tunabandika mbele yake ile lenzi iliyokuja na boksi, tunaanza kushangaa mbona picha zinafanana na za simu.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina mdomo wa kubishana. Chukua ukumbi wa kanisa saa moja jioni, taa mbili za mrija, moja inapepesa. Lenzi ya boksi mara nyingi ni 18-55 mm, na ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Sasa chukua lenzi ya 50 mm yenye f/1.8, ambayo karibu kila mfumo huwa nayo miongoni mwa lenzi zake za bei ya chini. Tofauti ya mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Pale ambapo lenzi ya boksi inahitaji 1/20 ya sekunde, hii nyingine inatosheka na 1/200. Kwa 1/20 shangazi anayecheza anageuka moshi. Kwa 1/200 unamwona na jasho lake na hereni ikiwa hewani. Ama ukitaka kubaki na kasi ileile, ISO inashuka kutoka 6400 hadi kama 640. Wanaojua kelele za ISO huchafua nini wananielewa: zinaanzia kwenye vivuli, na ngozi zetu nyeusi zikipigwa kwenye mwanga haba ndizo zinazoumia kwanza. Uso wa bibi unakuwa kama changarawe.

Ni bodi gani mpya itakupa mwanga mara kumi? Hakuna. Ni nadra kizazi kipya cha kihisi, cha ukubwa uleule, kikupe hata mara mbili. Unaweza kuuza pikipiki ya baba ununue bodi ya mwaka huu, na bado lenzi ya f/5.6 itakuletea gizani kilekile ilichokuletea jana.

Ndiyo, f/1.8 ina gharama yake. Fokasi inakuwa nyembamba kama chapati ya hoteli: jicho moja liko sawa, la pili limeshapotea. Picha ya ukoo wa watu thelathini huwezi kuipiga hivyo. Unafunga tundu, unatafuta mwanga, unawatoa nje kama inabidi. Lakini lenzi yenye tundu kubwa unaweza kuifunga. Yenye tundu dogo huwezi kuifungua zaidi ya alivyoifungua kiwandani aliyeiunda.

Hiyo ilikuwa hesabu. Kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi, na halizungumzwi kwenye zile video za kufungua maboksi. Lenzi ndiyo inayoamua usimame wapi. Ukiwa na 200 mm unaweza kusimama ng'ambo ya barabara pale Gikomba, ukachukua uso wa mama anayepanga nguo, ukaondoka bila yeye kujua uliwahi kuwepo. Ukiwa na 35 mm kwenye fulu fremu, ama 23 mm kwenye kihisi kidogo, hiyo haiwezekani. Lazima usogee hadi mita mbili. Akuone. Akuulize, "Wewe, unanipiga picha ya nini?" Umjibu. Mara nyingine anakukataza, na umekatazwa. Mara nyingine anacheka, anarekebisha leso, na picha unayopata ina mtu anayekuangalia akijua anaangaliwa.

Sisemi lenzi ndefu ni ya wezi. Mpiga picha wa raga bila lenzi ndefu hana kazi, na simba wa Maasai Mara hutamsogelea mita mbili kumwomba ruhusa. Ninachosema ni kwamba kuchagua lenzi ni kuchagua uhusiano wako na watu unaowapiga. Ukiitazama picha yoyote unaweza kukisia aliyepiga alisimama mbali ama karibu, alihema hewa moja na mtu wake ama alimchungulia. Huwezi kukisia bodi. Nipe picha kumi zilizochapishwa vizuri, uniambie ni ipi ya bodi ya mwaka gani, nakununulia chai na mandazi mwezi mzima.

Sasa tuingie kwenye muda, kwa sababu pesa ya hasla lazima idumu. Mwaka 2013 Sony walitoa A7. Wakatoa A7 II 2014, A7 III 2018, A7 IV 2021. Bodi nne kwa miaka minane, na kila mpya ilipotoka, ya nyuma yake ilishuka bei na heshima. Lakini pamoja na ile A7 ya kwanza, mwaka uleule wa 2013, ilitangazwa lenzi ya 55 mm f/1.8. Lenzi hiyo inafunga kwenye bodi zote nne na inafanya kazi. Aliyeinunua siku ya kwanza amebadilisha bodi alivyotaka, lenzi iko palepale. Tena kwenye bodi mpya fokasi yake inaweza kuwa bora kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza, maana akili ya fokasi iko kwenye bodi. Yaani lenzi nzuri inasubiri bodi zikue, ziifikie.

Rudi nyuma zaidi. Canon walianzisha maunti ya EF mwaka 1987. Walipohamia kamera zisizo na kioo cha kuakisi mwaka 2018, kwa maunti mpya ya RF, walitoa adapta, na lenzi za EF zikaendelea kufanya kazi, fokasi ikiwemo. Sababu ni ya kifundi tu, wala si huruma. Kioo kilikuwa kinahitaji nafasi ya kuruka juu na kushuka, kwa hivyo kwenye EF kuna milimita 44 kati ya maunti na kihisi. Kioo kilipotolewa, kwenye RF zikabaki 20. Ile nafasi iliyobaki ndiyo adapta inakaa. Lenzi ya zamani inasogezwa mbele kidogo, inaona vilevile ilivyokuwa inaona. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haiwezi kufunga kwenye bodi ya zamani ya EF. Kwa maneno mengine, lenzi ya zamani inaweza kuolewa tena. Bodi ya zamani inabaki nyumbani na kumbukumbu zake.

Lakini hata ndoa hizo zina masharti, ndiyo maana nasema uchague mfumo kwa kuangalia lenzi zote, na mustakabali wao. Nikon wana maunti yao ya F tangu 1959, na adapta ya kuzipeleka lenzi hizo kwenye bodi za Z ipo. Ila lenzi za zamani zinazotegemea mota iliyo ndani ya bodi zinapoteza fokasi ya kujiendesha kwenye adapta hiyo. Unabaki kuzungusha kwa mkono. Ukikuta za aina hiyo zinauzwa bei ya kutupa Moi Avenue, sasa unajua kwa nini.

Na kuna wanaobaki wajane kabisa. Samsung waliingia kwenye kamera hizi 2010 kwa mfumo wa NX. Mwaka 2014 wakatoa NX1, bodi ya megapikseli 28, video ya 4K, picha 15 kwa sekunde. Kwa karatasi, ilikuwa inawatisha wakubwa. Miaka michache baadaye Samsung walikuwa wameachana na biashara hiyo, na aliyenunua kwa kuangalia bodi akabaki na mashine nzuri sana isiyo na lenzi mpya zinazokuja. Canon nao walikuwa na maunti ya EF-M tangu 2012. Mwaka 2018 wakatoa M50, vijana wa video wakaipenda kweli kweli. Mwaka huohuo wakatoa RF. Lenzi za EF-M haziwezi kufunga kwenye RF, hata kwa adapta, kwa sababu EF-M hukaa milimita 18 kutoka kwa kihisi na RF 20, hakuna nafasi. Kufikia 2023 mfumo wa EF-M ulikuwa umefikia mwisho. Bodi ilikuwa tamu. Ukoo ndio uliokuwa umekatika.

Kwa hivyo uliza maswali ya ukoo. Je, kampuni nyingine zinaruhusiwa kutengeneza lenzi za maunti hii? Sony walifungua siri za maunti yao ya E kwa watengenezaji wengine mwaka 2011, na leo unapata lenzi za Sigma, Tamron, Samyang na Viltrox, nyingi zikiwa nafuu kuliko za Sony wenyewe. Leica, Panasonic na Sigma waliungana 2018 kwenye maunti moja ya L. Micro Four Thirds imekuwepo tangu 2008 na tangu mwanzo ni ya kampuni zaidi ya moja. Canon kwa upande wao walikaza mlango: mwaka 2022 Viltrox waliacha kuuza lenzi za fokasi ya kujiendesha za RF baada ya Canon kudai haki zao, na ni 2024 ndipo Sigma na Tamron walipotangaza lenzi za RF kwa idhini, zile za kihisi kidogo. Hayo hayaandikwi kwenye boksi la bodi. Lakini ndiyo yatakayoamua kama miaka mitatu ijayo utapata lenzi ya pili kwa pesa ya mwezi mmoja ama ya mwaka.

Najua mtakachosema. Bodi nayo ina kazi. Kweli, na sitaki kujifanya sijui. Bodi za sasa zinafuata jicho la mtu hata akigeuka, na kwa anayepiga ndege ama mpira huo si urembo. Anayefanya video anahitaji 4K isiyozimika kwa joto na bodi inayotuliza mtikisiko wa mkono. Anayepiga harusi anahitaji nafasi mbili za memori kadi, kwa sababu kadi ikifa, bibi harusi hatavaa shela tena Jumamosi ijayo ili umpige upya. Hizo ni sababu halali. Lakini angalia zinafanana vipi: kila moja ni hitaji ambalo ama unalo ama huna. Ukishatimiza hitaji, bodi imetosha. Baada ya hapo kila shilingi inayoongezwa kwa bodi ni shilingi iliyoibiwa kutoka kwa lenzi.

Tena bodi inakodiwa. Hapa mjini kukodi bodi kwa siku ya kazi ni jambo la kawaida, na gharama unaiweka kwenye bei ya mteja. Akitaka kuona jina kubwa, mkodie jina kubwa, alipe yeye. Ukiwa na lenzi zako mwenyewe za maunti hiyo, unazijua kama unavyojua ngazi za kwenu gizani, unaingia kazini na bodi ya mtu na jicho lako. Anayefanya kinyume, mwenye bodi ya kutisha na lenzi za kukodi, kila kazi anaanza kama mgeni.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nawajua vijana walionunua bodi kwa lipa mdogo mdogo na mikopo ya simu, wakalipa riba juu ya kitu kinachoshuka thamani kila siku, ili tu wajibu lile swali vizuri mbele ya mjomba wa bibi harusi. Mkopo haujaisha, toleo jipya limetoka. Wanauza kwa hasara, wanakopa tena. Lenzi hawajawahi kununua. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na sisi tumekuwa mabingwa wa milango. Wateja wanatudai milango, sisi tunadaiana milango, na wenye kutengeneza milango wanatoa mpya kila msimu. Kampuni siilaumu sana. Biashara yake ni kuuza. Nalaumu sisi wenyewe, wapiga picha, tunaoendelea kuulizana swali hilo tukijua vizuri halina jibu lenye maana.

Basi ukiamua kununua lenzi, nunua ya mtumba bila aibu, ila kwa macho wazi. Bodi ya mtumba ina saa inayohesabu: shata imepigwa mara ngapi, kihisi kimekwaruzwa, betri imechoka. Lenzi ina magonjwa machache na mengi unayaona. Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma, utazame kutoka mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui, hiyo ni kuvu, irudishe. Kama ilitoka Pwani, mulika mara mbili, unyevu wa Mombasa na Lamu hauna urafiki na lenzi. Vumbi kidogo ndani si tatizo. Angalia vile vipande vya chuma vya tundu: viwe vikavu, vifunguke na kufunga bila kusita. Ukishaifikisha nyumbani, iweke kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Usivitupe tena.

Kama hujui uanze na lenzi gani, usimuulize mtu, mimi nikiwemo. Chukua hiyo lenzi ya boksi uliyonayo, ama azima ya rafiki, uizungushe hadi 35, ufunge ile ringi kwa selotepu. Wiki nzima usiivute. Piga nyumbani, stejini, sokoni, jikoni kwa mamako. Wiki ya pili ifunge kwenye 50. Ya tatu, kwenye 18. Halafu kaa chini utafute picha kumi ambazo hutaki kuzifuta, uone nyingi zilitoka wiki gani. Hiyo ndiyo lenzi yako. Tafuta maunti inayokupa hiyo kwa tundu kubwa na bei ya binadamu, na bodi yoyote iliyo nyuma yake itatosha kwa sasa. Jaribio lote litakugharimu wiki tatu na selotepu.